Bega la Senkondo

Bega hufunzwa na mgonjwa wa jirani. Methali hii ilianza hivi, kama Bibi Namkunda alivyotusimulia siku kaka yangu aliposema hawezi kwenda kubeba mgonjwa wa watu asiowajua vizuri. Bibi alimjibu kwa msemo huo, nasi tukamuuliza ameutoa wapi. Alikuwa anachambua maharage, na hakuacha kuchambua.

Alisema zamani huku kwetu milimani Upare hapakuwa na barabara, na hata ya leo si barabara sana. Mgonjwa alishushwa zahanati kwa machela: miti miwili mirefu, blanketi katikati, watu wanne mabegani. Ukiwaona unadhani ni nguvu tu. Si nguvu. Wa mbele na wa nyuma hawatangulizi mguu mmoja kwa pamoja, maana hapo machela inaruka na mgonjwa anaumia. Kwenye mteremko, wa mbele huinua, wa nyuma hushusha mpaka mikononi. Hayo hakuna aliyefundishwa darasani. Ulikwenda, ukawekwa sehemu tambarare pamoja na wanaojua, ukakosea, ukasemwa, na mwaka wa pili ukajua.

Senkondo alikuwa na nguvu kuliko wote kijijini. Lakini baragumu ya mgonjwa ilipolia, yeye alibaki kwenye shamba lake la tangawizi. Hakuwa mchoyo. Alituma mkungu wa ndizi mbivu ili wabebaji wale njiani. Basi wakamwita Mkungu. Wakipita karibu na shamba lake walisema, "Mkungu tumeupata, mwenyewe ataiva lini?" Naye alicheka, akainama tena kwenye tangawizi yake. Mkewe, Nakijwa, alimsihi aende hata mara moja. Akamjibu kwamba shida za watu haziishi, ila tangawizi ina msimu wake.

Nakijwa akashikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Asubuhi ya siku ya pili mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, mama ashushwe upesi. Baragumu ikapigwa. Siku hiyo wanaume wengi walikuwa wameshuka tambarare kuvuna mahindi. Waliokuja ni watatu: Mzee Kalutu, kiongozi wa wabebaji, na vijana wawili. Wa nne akawa Senkondo mwenyewe.

Alibeba kama anayebeba gogo. Akienda mbio, wenzake wanasukumwa. Akipunguza, machela inapinda. Kwenye mteremko wa mawe yeye alikuwa nyuma, na hakushusha. Nakijwa akaserereka mpaka miguu yake ikamgonga Mzee Kalutu mgongoni. Wakatua. Wakainua. Wakatua tena.

"Ndugu yangu, usikimbie," Mzee Kalutu alimwambia. "Sikiliza mguu wangu."

"Mzee, mke wangu anakufa."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia usikimbie."

Nakijwa alifumbua macho. "Senkondo, unaniumiza," alisema polepole, kama mtu anayeomba radhi.

Senkondo hakumsikia tena akisema neno jingine. Safari ambayo wabebaji walizoea kuimaliza kabla umande haujakauka, siku hiyo jua la utosi liliwakuta bado njiani. Blanketi lilikuwa limelowa damu. Paa la zahanati lilikwisha kuonekana pale chini walipotambua kwamba wanabeba maiti. Mtoto alikufa tumboni.

Habari ilifika tambarare, wanaume wakaja zaidi ya kumi kupokea machela na kurudisha maiti nyumbani. Senkondo akakataa kuachia mti. Basi Mzee Kalutu, aliyekwisha kupokewa, akatembea kando yake mlima mzima akimwelekeza kwa sauti ndogo: mguu huu, sasa huu, inua kidogo, hamisha bega. Ngozi ya bega ilichubuka mpaka shati likashikana na nyama, naye hakukubali kubadilishwa. Walipofika nyumbani kwake machela ilikuwa imetulia kama kitanda.

"Sasa unajua kubeba," Mzee Kalutu akasema.

"Nimefunzwa na wangu," Senkondo akajibu. Akawatazama vijana waliosimama mlangoni. Kati yao walikuwemo ambao hawajawahi kubeba hata siku moja, na wote walitazama chini.

"Ninyi msingoje wenu," akawaambia. "Bega hufunzwa na mgonjwa wa jirani."