Siku Nne Dukani kwa Ghanimu

Katika zama ambazo majini walikuwa wangali wakifungwa kazini kwa pete na muhuri, mji wa Darulhana ulikuwa chini ya Sultani Mukhtari bin Ghazali, mtawala mwenye majumba arobaini na mahakama moja, na mji huo ulisifika katika nchi zote za bara kwa magari yake, maana hayakuvutwa na farasi wala punda wala ngamia, bali chini ya kila gari alifungwa jini kwa pete ya shaba, na mwenye pete akitaja mahali gari humfikisha kabla ya jua kukamilisha mzunguko wake.

Na katika mji huo aliishi mkunga aitwaye Bi Zuwena binti Hilali, pamoja na mumewe Mbaraka, mshona matandiko ya ngamia, na walikuwa na binti mmoja tu, Thureya, aliyeolewa Mallaha, mji wa wachimba chumvi, mwendo wa siku ishirini jangwani kwa msafara. Bi Zuwena alikuwa amewapokea kwa mikono yake nusu ya watu wa Darulhana, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiweka akiba ili anunue gari, awafikie wanawake wa vijiji vya mbali kabla hawajafa.

Jumamosi asubuhi njiwa wa barua akatua dirishani kwake, na barua ilikuwa ya Thureya. "Mama," aliandika, "mtoto amelala kingamo tumboni, kichwa hakikushuka, na mkunga wa huku amefariki, na mimi naogopa. Njoo."

Bi Zuwena akahesabu kwa vidole, mara mbili, kama alivyozoea kuwahesabia wengine. "Bado siku kumi na mbili," akamwambia mumewe. "Mtoto wa kingamo nitamgeuza, nimewageuza wengi. Lakini kwa msafara hatufiki. Twende tukanunue gari."

Muuza magari alikuwa mmoja tu mjini, Ghanimu bin Sarahani, mtu mwenye ndevu zilizofukizwa udi na ulimi uliopakwa asali, naye akawapokea kwa marashi na halua na kahawa, akawakalisha juu ya zulia, akasema, "Karibuni, mabwana zangu, duka ni lenu na mimi ni mtumishi wenu. Safari ni ya wapi, inshallah ya heri?"

Na Mbaraka, ambaye hakujua kuficha neno, akamweleza yote: binti, ujauzito, siku kumi na mbili. Ghanimu akasikitika sana, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, kisha akawaonyesha gari jipya la rangi ya kijani, ngozi ya viti vyake ikinukia upya, magurudumu hayajawahi kugusa mavumbi.

"Kwa mwingine ni elfu," akasema. "Kwenu nyinyi, kwa ajili ya mtoto huyo, dinari mia tisa."

"Tunayo mia tatu na kumi," Bi Zuwena alitaka kusema, akajizuia.

"Shaurianeni kwa nafasi," akasema Ghanimu. "Si adabu mimi kukaa baina ya mtu na mkewe." Akatoka, akafunga mlango, na chumbani hawakubaki ila wao wawili na ndege wa buluu katika tundu la fedha, amekunja kichwa chini ya bawa kama aliyelala.

"Akiba ni mia tatu na kumi," akanong'ona Bi Zuwena. "Na nyumba ikiuzwa leo leo itatoa mia mbili, haizidi."

Ghanimu aliporudi akaketi, akapumua kama mtu aliyejishinda nafsi yake, akasema, "Nimewaza, nikaona aibu. Mia tano na kumi, na Mungu atanilipa."

Mbaraka akamshika mkewe mkono. "Tulipe, Zuwena. Tulipe twende zetu."

Lakini Bi Zuwena alikuwa ameona magari mengi yakiuzwa, na alijua hakuna mtu aliyelipa hivyo kwa gari la viti viwili. Tena aliwaza, wakirudi na Thureya na mtoto, watalala wapi? Na siku zilikuwa bado nyingi. "Hapana," akasema. "Hiyo si bei ya haki. Tutarudi kesho."

Jumapili wakarudi, Bi Zuwena akataja mia mbili na hamsini, na Ghanimu akacheka kwa upole, akaanza kuwatajia ada: ada ya kupaka magurudumu mafuta, ada ya kumlisha jini, ada ya muhuri, hata ada ya upepo utakaopigwa na gari njiani. Wakaachwa tena washauriane, na tena akarudi na hesabu ileile, mia tano na kumi, dinari kwa dinari, kana kwamba aliisoma mioyoni mwao. Bi Zuwena usiku huo hakupata usingizi.

Jumatatu Ghanimu akawaweka wakingoja tangu asubuhi hadi alasiri, akisema kwamba waziri fulani amelitaka gari lilelile. Njiwa mwingine hakuja. Bi Zuwena akatoka uani peke yake, akaweka paji la uso juu ya gurudumu la gari la kijani, akalia kwa uchungu, na katika kulia kwake akasema, bila kumtazamia yeyote ajibu, "Ewe uliye humo chini, wewe thamani yako ni nini hasa?"

Sauti ikatoka chini ya gari, nzito, ya taratibu. "Mia tatu, bibi. Mimi ni Barkushi, na miaka sitini ninafungwa na kufunguliwa chini ya magari, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Wanunuzi wote humuuliza anayeuza."

"Na yeye anajuaje tulicho nacho?"

"Yule ndege halali. Mkinong'ona anasikia, na kila asikialo Ghanimu hulisikia huko nje, ndiyo kazi aliyofungiwa."

Basi Jumanne wakaja tena, na walipoachwa chumbani Mbaraka akasema, kama walivyoafikiana, huku akiyakariri maneno kama somo kwa kutozoea uongo, "Mke wangu, nyumba kaka yangu ameikatalia, haiuziki. Tuna mia tatu tu. Tuache, tuingie katika msafara wa leo, tumtegemee Mungu." Wakainuka, wakavaa viatu, wakawa wamefika kizingitini Ghanimu alipowakimbilia, kilemba kikimwendea upande.

"Mia tatu!" akalia. "Mia tatu, na mnaniua!"

Ikaandikwa, mashahidi wakatia mikono, na muadhini alikuwa akiadhini adhuhuri Bi Zuwena alipotiwa pete ya shaba kidoleni. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alicheka. Wakapakia dawa na vitambaa, na alfajiri ya Jumatano walikuwa Mallaha.

Mkwe wao alitoka mlangoni, akawaona, akaketi chini palepale, akafunika uso kwa mikono. Mwanamke wa jirani ndiye aliyesema. Uchungu ulimshika Thureya Jumatatu asubuhi.

"Kabla ya siku zake?" akauliza Bi Zuwena.

"Kabla ya siku zake, mama. Alikuita siku mbili. Jana adhuhuri akakata roho, na mtoto tulimtoa akiwa hai baada yake. Tumemzika jana jioni." Akamwekea mikononi kitoto cha kike, chekundu, kilicholala.

Bi Zuwena akarudi garini na mtoto kifuani. "Barkushi," akasema, "nirudishe Jumamosi."

"Mimi hufupisha masafa, bibi. Siku si kazi yangu. Ningekuwa naziweza, ningekurudisha bila ada."

Habari za kushindwa kwa Ghanimu zikaenea Darulhana, watu wakazisimulia sokoni kwa vicheko, hadi zikamfikia Sultani. Akamwita Bi Zuwena barazani, akaamuru ndege yule aachiliwe, na kila gari liandikwe bei yake mlangoni, na Ghanimu alipe faini ya dinari elfu, naye mkunga apewe zote. Kisha akasema mbele ya mawaziri, "Ewe mwanamke mwerevu, umetufunza kununua. Omba lolote lingine."

Bi Zuwena akainama. "Maulana, Mungu akudumishe. Niliokoa dinari mia mbili na kumi. Nilidhani nina siku kumi na mbili. Sina la kuomba, ila watu wasinisifu tena kwa jambo hili."

Na Sultani akainuka, akavunja baraza.

Kwa elfu ile Bi Zuwena akanunua magari matatu, akawapa wakunga wa vijijini, na wanawake wengi waliishi ambao wangekufa, na mali ikamjia asiitafute. Mbaraka aliishi naye miaka kumi na tisa mingine, na katika miaka hiyo yote hakumkumbusha hata mara moja lile neno lake la Jumamosi, "Tulipe twende zetu," na Bi Zuwena kila siku alingoja amkumbushe.

Yule mjukuu, aliyeitwa Salama, alikua akaposwa na mwana wa kadhi, na siku ya kupakwa hina, wanawake wakiimba uani, akamwuliza nyanyake, "Bibi, watu husema ulimshinda Ghanimu. Ile mia tatu ilikuwa bei ya haki kweli?"

"Ilikuwa bei ya haki," akasema Bi Zuwena. "Geuza mkono huu mwingine." Akaendelea kumpaka, na hakuinua uso hadi alipomaliza.

Basi, enyi mnaosikiliza, anayenunua na apatane bei, maana kuibiwa si ucha Mungu. Lakini na atazame ni nani anayemngoja mwisho wa njia. Arusi ilifanyika, watu walikula wakashiba, nami niliyewasimulia nimefikia hapo, sina zaidi.