Neno la Kumi la Rabi Azrieli

Hapo zamani, katika siku ambazo walioziona hawapendi kuzisimulia, vita viliumaliza mji wa Rabi Azrieli nyumba kwa nyumba. Mwanawe Asheri naye akauawa. Tangu wiki ile, kila alasiri, mkono usioonekana ulibisha mara tatu kwenye dirisha la sinagogi. Rabi aliujua mkono ule. Asheri alibisha hivyo hivyo akichelewa sala.

Wayahudi humsomea marehemu dua ya Kadishi, na Kadishi haisomwi mpaka watimie wanaume kumi. Walibaki tisa. Tena mtu hahesabiwi kwa namba, ni mkosi. Huhesabiwa kwa aya yenye maneno kumi, kila mtu na neno lake. Basi kila alasiri aya ilikatikia neno la tisa, na dirisha likabishwa.

Ujanani Rabi alikuwa jabali. Alifundisha kwamba ukichomoa tofali moja, nyumba nzima itawaangukia. Kwa kauli hiyo alimfukuza Fisheli, mwanafunzi wake mpenzi, aliyetaka wanawake nao wahesabiwe. Vita vilipoanza akasema, tungoje. Alipozika wengi akasema, labda. Sasa moyo ulishakubali, ulimi ndio uliogoma. Mazoea yana taabu, jamani.

Alasiri moja alihesabu: la saba, la nane, la tisa. Akafumba macho kwa uchungu, neno la kumi likamponyoka.

"Nipo," likaitikiwa.

Sauti ilikuwa nzito na nyembamba kwa pamoja, hakuna aliyeitambua. Rabi akasoma Kadishi huku analia. Siku ile dirisha halikubishwa.

Kesho yake akauliza ni nani aliyeitika.

Binti yake Tirza akajibu kutoka nyuma ya pazia la wanawake. "Ni mimi, baba. Asheri na mimi tumenyonya ziwa moja, na sala zote nazijua. Ila ukinihesabu leo, sirudi tena nyuma ya pazia."

Mlangoni alisimama Fisheli, vumbi tupu. "Ni mimi. Nimepita kwenye risasi siku tatu nije kumlilia Asheri. Wewe ulinifukuza, sheria haikunifukuza. Ila siingii mpaka useme mbele ya watu kwamba ulikosea."

Kisha kiti cha Lemeli, mtunza sinagogi aliyezikwa majira ya baridi, kikatoa mlio kama kinachokaliwa.

"Ni mimi," kiti kikasema. "Niliapa sitaacha mfiwa akose wa kumi. Nihesabu mimi, usibadilishe kitu. Ila akihesabiwa aliye hai, mimi ndiyo kwaheri, sirudi tena."

Azrieli akaanza aya. Alipofika neno la tisa akatazama pazia, akatazama mlango, akatazama kiti. Neno moja lilibaki kinywani mwake, na kijana wake Asheri alikuwa anangoja dirishani.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msitazamane. Je, nani alistahili neno lile?