Baiskeli Iliyotekwa na Mtani

Hii nimetumiwa na shemeji yangu nikiwa jikoni. Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, na maharage yakaungua. Isome bila haraka, kisha mpelekee yule mtu wako asiyeambilika. Kila ukoo una wake.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Nzega aitwaye Luhende, Mnyamwezi kindakindaki, aliyeendesha malori maisha yake yote. Alipostaafu alinunua basi dogo lililochoka, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko na kabati la vyombo. Majirani wakaliita nyumba ya magurudumu. Yeye na mkewe, Bi Nyamizi, wakawa wanatembelea watoto na wajukuu bila kumsumbua mtu kwa malazi.

Safari hii walikuwa wanakwenda Kibaha, kwenye harusi ya mjukuu wao Kabula. Binti huyo alikuwa ameomba kitu kimoja tu: ile baiskeli ya babu. Ni baiskeli nyeusi, kubwa, ya zamani. Luhende alimchukua Nyamizi kwao kama bibi harusi akiwa amekaa kwenye keria yake. Binti yao Wande, mama yake Kabula, naye alitolewa nyumbani juu ya keria hiyohiyo. Sasa ilikuwa zamu ya Kabula, na alishasema kwamba bila baiskeli hiyo yeye hatoki mlangoni.

Luhende akachomelea kibebeo cha chuma nyuma ya basi. Akaipakia ile nyeusi, na pembeni yake baiskeli mpya ya zawadi, akazifunga kwa kamba ya katani. Mafundo yake yalikuwa mazuri kuyatazama, nasema kweli.

"Baba Wande," Bi Nyamizi akamwambia, "hebu zitikise kwanza tuone."

"Nitikise nini? Mnyamwezi afundishwe kufunga mzigo? Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani, na hakuna hata mmoja uliodondoka."

"Ulikuwepo?"

Luhende akacheka, akawasha gari.

Dodoma wakasimama kujaza mafuta. Gari dogo jekundu lililokuwa limewafuata kwa muda likasimama nyuma yao. Dereva wake alikuwa Bi Sikudhani, Mzaramo wa Kisarawe, aliyekuwa anamrudisha nyumbani mama yake mzee. Aliposoma neno "Nzega" lililoandikwa ubavuni mwa basi, uso ulimchangamka. Unajua yaliyopo kati ya Wanyamwezi na Wazaramo. Ni watani tangu enzi za mababu. Wakikutana, hata kama hawajawahi kuonana, lazima wataniane, na kukasirika ni mwiko.

"Ee, Mnyamwezi!" akaita. "Bado mnatuletea mizigo tu? Huyo mweusi hapo nyuma amechoka, anataka kushuka!"

"Usimsingizie. Ameona Wazaramo, anaogopa mtamchezesha ngoma!"

"Mtani, nakwambia inacheza! Inatikisa kichwa kila ukipita kwenye tuta."

"Si nimesema? Ngoma yenu imeshaanza!"

Watu wote pale kituoni wakaangua kicheko. Hata Bi Nyamizi alishika mbavu. Bi Sikudhani naye alicheka, maana jibu lilikuwa zuri, lakini alipoingia garini hakuwa anacheka tena.

Wakaendelea na safari. Dirisha la nyuma la basi lilizibwa na kabati la vyombo, kwa hiyo Luhende alitegemea vioo vya pembeni tu. Humo alikuwa analiona lile gari jekundu, mbali kidogo, likiwa na taa za tahadhari zinazowaka na kuzima. Magari mengine yaliwapita. Lenyewe halikupita.

"Muone mtani wangu!" Luhende akamwambia mkewe. "Gari dogo vile, limeshindwa kuipita nyumba!"

"Labda ana shida."

"Shida yake ni Uzaramo."

Mara nyingine Bi Sikudhani aliwasha taa kubwa na kupiga honi. Luhende naye akampigia honi ndefu, ya kumkomoa, akazidi kufurahi. Ilikuwa safari nzuri. Aliimba nusu ya njia.

Walipofika Gairo akapunguza mwendo kwa ajili ya matuta. Papo hapo gari jekundu likawapita kwa kasi, likakata kona, likasimama mbele yao kuziba njia. Bi Sikudhani akashuka, mikono kiunoni.

"Mnyamwezi, shuka! Ile baiskeli nyeusi nimeiteka."

Hapo lazima nieleze kidogo. Kwa desturi yao, mtani anaweza kukamata kitu chako chochote akasema ni chake. Hupigani naye wala hununi. Unakigomboa kwa kitu kidogo huku unacheka.

Luhende akacheka, lakini kicheko kilimkauka midomoni. Baiskeli ya Kabula! Angemwambia nini mjukuu wake? Na kukasirika hawezi.

"Sawa, mtani," akasema. "Nitaigomboa kwa jogoo. Lakini kuifungua utaweza? Hayo ni mafundo ya Kinyamwezi."

Wakazunguka nyuma wote watatu. Bi Sikudhani hakugusa fundo lolote. Alishika usukani wa baiskeli kwa mkono mmoja, akavuta taratibu, na baiskeli ikamjia mzimamzima. Kama Bi Nyamizi asingewahi kuidaka upande wa pili, ingewaangukia miguuni.

Mafundo yote yalikuwa palepale, hakuna hata moja lililolegea. Kamba ndiyo iliyokatika. Ilipita juu ya ncha kali ya chuma, na kila tuta tangu Nzega lilikuwa linaisugua. Kilichokuwa kimeishikilia baiskeli ni pedeli yake tu, iliyojinasa kwenye ile mpya.

Luhende akaangalia barabara waliyotoka. Kisha akaliangalia gari jekundu. Nyuma ya kioo, kiti cha mbele, alikaa yule mama mzee amejitanda kanga, akampungia mkono. Alielewa baiskeli ingetua wapi.

"Ulikuwa unaniambia tangu Dodoma," akasema kwa sauti ndogo.

"Tangu Dodoma. Ila ulikuwa unanijibu vizuri mno, nikakosa pa kupenyeza neno. Nikaona huyu nisipomteka, hanisikii."

"Sasa kwa nini hukunipita ukaenda zako? Ungekuwa salama."

"Mimi, ndiyo. Na atakayekuja nyuma yako? Nilikaa mbali nikawasha taa, ili wenye haraka wajue kuna jambo."

Taa zilezile alizokuwa anazicheka! Mzee aliona aibu, na hakuificha. Alikwenda mpaka dirishani kwa yule mama mzee, akainama.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Nusura nikuue bila kujua."

"Marahaba, Mnyamwezi," mama akajibu. "Jogoo awe mnene."

Wakazifunga upya baiskeli zote mbili. Ncha za chuma wakazizungushia vipande vya tyubu ya zamani. Kamba mpya wakaipitisha kwenye fremu, na magurudumu nayo wakayafunga yasizunguke kwa upepo. Kisha Luhende akasogea pembeni mwenyewe, bila kuambiwa.

"Mama Wande, njoo utikise."

Bi Nyamizi akaishika ile nyeusi akaitikisa kwa nguvu zake zote. Basi lote likayumba naye, na vikombe vikalia kabatini.

"Hapo sasa," akasema. "Ikitikisika peke yake, haijafungwa. Ikitikisika na nyumba nzima, twende zetu."

Kibaha walifika salama, na baiskeli haikuwa na mkwaruzo. Bi Sikudhani na mama yake wakaalikwa harusini na kupewa viti vya mbele, na jogoo alikuwa mnene kweli.

Saa ya kumtoa bibi harusi ikafika. Kabula akatoka mlangoni na shela lake refu, akapanda kwenye keria alikokaa mama yake, na bibi yake kabla ya hapo. Bi Nyamizi alikuwa analia kwa furaha na wala hakujifuta. Bwana harusi akaweka mguu kwenye pedeli.

"Simama kwanza!" Luhende akapaza sauti.

Vigelegele vikakatika. Watu wakatazamana. Yule mzee, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumuuliza mtu habari ya mzigo, aligeuka akaita kule nyuma ya umati:

"Mtani! Wewe uko nyuma. Unaonaje?"

Bi Sikudhani akasogea, akainama. Pindo la shela lilikuwa limeteleza na kukaribia kabisa mnyororo. Akalivuta, akalikunja vizuri, akamwekea Kabula mapajani.

"Sasa nenda, mjukuu wangu," akasema. "Imekaa."

Funzo: Mzigo ulio nyuma yako huuoni wewe, anauona anayekufuata. Anayekuonya huku anacheka bado anakuonya, kwa hiyo lisikilize neno lake kwanza, utani utamrudishia baadaye.