Nani Amwitikie Mama Ndani ya Mwali

Sogeeni karibu, na mwenye kukohoa akohoe sasa hivi, maana hadithi hii mimi mwenyewe huwa naiogopa.

Palikuwa na ndugu watatu waliofanya kazi katika mtambo wa nyuklia kando ya ziwa: Kokushubira, Mutalemwa, na kitindamimba wao Byera. Ziwa hilo lilimchukua mama yao akiwa anafua nguo. Mwili haukuonekana, wakazika mgomba badala yake, lakini mama hakutulia. Kila walipochota maji walimsikia akilalamika baridi.

Kokushubira alijua kuuchunga moto wa nyuklia. Bila yeye hakuna joto. Ila joto lake, jamani, lilitosha kuchemsha maji, si kuyavunja yatoe haidrojeni, ile gesi iwakayo waliyoitafuta.

Mutalemwa ndiye aliyejua kulipandisha. Alilipokea joto la dada yake, akalipitisha katika mitambo yake, likatoka kali kuliko lilivyoingia. Lakini joto peke yake, hata likiwa kali namna gani, halikupi haidrojeni.

Byera alikuwa na chumvi zake za shaba. Alizikutanisha na maji ya ziwa, akaomba joto la kaka yake, na maji yakaachana: oksijeni huku, haidrojeni kule. Haidrojeni akaikusanya kwenye mtungi mdogo.

Siku ya kuijaribu, wakaiwasha.

"Hilo ni joto langu!" Kokushubira akashangilia.

"Joto lako lingeishia kupika uji, dada," Mutalemwa akamtania.

"Na bila mimi nyote wawili mngekuwa mnaoga maji ya moto tu," Byera akacheka.

Mwali wa moto ukainama, ingawa hapakuwa na upepo. Ndani yake ikatoka sauti ya mama.

"Wanangu, nimetoka majini. Aliyenitoa na aitike, twende naye. Asiye yeye akiitika, narudi ziwani. Na gesi ikiisha kabla sijaitikiwa, narudi pia, wala hamtanisikia tena."

Weee! Kicheko kikakatika. Kule kwao kila mtoto hufundishwa: asiyeonekana akikuita, usiitike, atakuchukua. Twende naye wapi? Nyumbani, au kaburini? Mutalemwa alitaka kumuuliza, akajiziba mdomo, kwani kumuuliza ni kumwitikia.

"Ni wewe, Mutalemwa," Kokushubira akanong'ona. "Langu lilikuwa la kupikia uji, umesema mwenyewe."

"Mimi sikugusa maji, dada. Aliyeyavunja ni Byera."

"Zile ni chumvi tu, kaka!" Byera alikuwa analia. "Moto ni wa dada!"

Walimpenda mama yao, msiwaseme vibaya. Walimpenda na walimwogopa, vyote kwa pamoja.

"Wanangu, baridi," mama akasema. Mwali ulishakuwa mdogo kama ukucha.

Haya, nyie mnaotazama chini, niangalieni. Gesi inakwisha. Ni nani kati yao aliyemtoa mama majini? Na kama ni wewe, je, ungeitika?