Jicho la Mashine ya Makopa

Palikuwa na fundi mmoja mwenye karakana katika mji ulio kando ya ziwa, jina lake Masatu. Alikuwa mtu wa huruma. Alikuwa ameziona mashine za kukata mihogo zikila vidole vya watu, akasema moyoni mwake kwamba yeye ataunda isiyokula. Miaka mitatu aliihangaikia. Akaiwekea kamera ndogo juu ya mdomo wake, ambayo watu waliiita jicho, na ndani akatia akili ya kompyuta, akaifundisha kwa maelfu ya picha: huu ni muhogo, kata; huu ni mkono, simama. Picha za mikono alizipiga palepale karakanani, mikono ya mafundi, ya makarani, na ya wageni waliokuja kutazama.

Mashine ikasifiwa. Vikundi vya wanawake waliotengeneza makopa, ile mihogo mikavu ya kusaga unga, vikainunua. Wakaambiwa kwamba ina jicho, haimdhuru mtu. Hata hivyo, ubavuni mwa kila moja Masatu alibandika karatasi ya onyo: Usiingize mkono visu vikizunguka.

Nyabweke alikuwa mmoja wa wanawake hao. Siku moja, akiwa amemenya mihogo tangu alfajiri, alisukuma kwa mkono kipande kilichokwama, kama alivyozoea, kama walivyofanya wenzake wote. Visu havikusimama. Vikachukua vidole viwili vya mkono wake wa kulia.

Nyabweke akamshtaki. Hati ya mahakama ilipomfikia, Masatu aliumia kama mtu aliyetukanwa na mgeni aliyemkirimu. Nia yake aliijua. Akatafuta wakili, na wakili akamtengenezea ngao mbili. Ya kwanza ni kwamba onyo lilibandikwa, na mwanamke akalipuuza. Ya pili ilikuwa mpya, mahakama ile haijapata kuisikia: kwamba akili ile huendelea kujifunza yenyewe ikiwa kazini, kwa hiyo siku ya ajali haikuwa tena ile iliyotoka karakanani.

"Mheshimiwa," wakili akamwambia hakimu, "mashine hii ni kama mwana aliyekwisha kuoa na kuhama. Baba yake hashtakiwi kwa anayoyatenda huko aliko."

Neno hilo likawakaa watu vizuri. Masatu naye akaona moyo wake umetua.

Ili kumaliza shaka, wakili akaomba mashine iletwe uani mwa mahakama. Masatu akaiwasha, akapeleka mkono. Ulipobaki shubiri moja kuvifikia visu, visu vikasimama. Akarudia, vikasimama. Akarudia tena.

Hakimu akamgeukia Nyabweke, akamuuliza kama ana swali.

"Swali sina, mheshimiwa," akajibu. "Namwomba tu fundi amenye mihogo kwanza, kisha aupeleke tena mkono."

Wakili akapinga. Hakimu akasema fundi halazimishwi. Lakini Masatu akasema atafanya, kwa kuwa hakuona cha kuogopa. Zikaletwa ndoo ya mihogo na kisu. Akamenya mmoja, na wa pili, hata wa saba. Utomvu ukamtapakaa viganjani, ukamkaukia, mikono ikawa myeupe hadi kwenye vifundo vya mikono. Akasimama mbele ya mashine, akaupeleka mkono. Ukafika pale penye shubiri moja. Visu vikaendelea kuzunguka. Akausogeza kidogo zaidi. Visu vikaendelea, na upepo wake akausikia kwenye ncha za vidole. Akaurudisha.

Akautazama mkono wake kando ya mihogo iliyomenywa: weupe wao ulikuwa mmoja. Wakili akamjongelea, akamnong'oneza asiseme neno, kwamba ngao ya pili bado ni nzima: nani awezaye kuthibitisha kwamba akili ile haikujipotosha yenyewe huko ilikokaa? Masatu alijua kwamba mtu huyu anamshauri kama mjuzi wa kazi yake. Alijua pia jambo ambalo wakili hakulijua. Katika maelfu yale ya picha hamkuwa na hata mkono mmoja uliopigwa ukiwa na utomvu wa kazi.

"Mheshimiwa," akasema, "jicho hili nililifundisha mimi. Mkono kama huu sikulionyesha."

Hukumu ikamwangukia, akatimiza yote aliyoamriwa. Kisha akafanya ambalo hakuamriwa. Alizunguka vijijini akizikusanya mashine zake mpaka ya mwisho, na karakana ikakaa kimya msimu mzima. Alipomaliza kuzikusanya, akarudi kwa wanawake wale akiwa na kamera. Waliposikia kwamba mikono yao itapigwa picha, wakakimbilia maji wakanawe. Akawasihi wasinawe. Wengine wakamshangaa, wengine wakacheka kwa haya, wakaificha mikono ndani ya kanga kabla ya kukubali kuitoa.

Nyabweke hakukimbilia maji, wala hakucheka. Aliitikia salamu ya Masatu, akaweka kisu chini, akanyoosha mkono wa kushoto jinsi ulivyokuwa. Ukapigwa picha. Masatu akamshukuru, akaanza kuifunga kamera. Ndipo mwanamke akanyoosha na wa kulia, wenye vidole vitatu.

"Na huu pia," akasema. "Nao ni mkono."

Masatu akapiga magoti mavumbini ili aupate vizuri, akaupiga picha kama ule wa kwanza.

Nanyi mliopewa kazi ya kuwafundisha wengine kuona, mliwaonyesha mikono ya nani?