Medali Aliyovuliwa Kaizilege

Hadithi hii imenifikia asubuhi na hadi sasa chai imenishinda kwa hasira. Isome, kisha mpelekee mtu yeyote unayemjua kuwa ni mwepesi wa kuhukumu.

Katika nchi moja kijana aitwaye Kaizilege alishinda medali ya mbio ndefu za chuo kikuu. Vita vilipozuka, wenzake walikwenda mstari wa mbele. Yeye serikali ilimweka kwenye jengo lisilo na kibao, afumbue ujumbe wa siri wa adui. Akaapishwa asimwambie mtu maisha yake yote, hata mkewe.

Vita vikaisha. Chuoni kulikuwa na desturi: kila siku ya michezo, washindi wa zamani huzunguka uwanja wamevaa medali zao. Mwenyekiti wao, Meja Msangazi, hakuchoka kusimulia jinsi Mungu alivyokirudisha nyuma kikosi chake kabla tu ya daraja kulipuka. Siku ya michezo ya kwanza baada ya vita, alipomwona Kaizilege akizunguka na medali yake, akamsimamisha mbele ya watu wote.

"Wenzako walipokuwa wanakufa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini, Meja."

"Kazi gani?"

Kaizilege akanyamaza. Neno moja tu lingemwokoa, lakini alikuwa ameapa. Meja akamvua medali shingoni kwa mikono yake mwenyewe, na uwanja mzima, wasomi watupu, ukapiga makofi. Makofi! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama mtu anaweza kuwa na sababu ya kunyamaza.

Basi akaitwa mwoga mpaka akazeeka, na wanawe wakazomewa shuleni. Akafa hivyo hivyo, kimya.

Mwaka uliofuata serikali ikazitoa hadharani siri za vita. Ikajulikana kwamba kuna kikosi kilichozuiwa kuvuka daraja lililotegwa mabomu, kwa sababu Kaizilege alikuwa ameusoma ujumbe wa adui. Kilikuwa kikosi cha Meja Msangazi.

Wakubwa wa chuo wakafunga safari na wapiga picha wao hadi kwa mjane, Mama Kokubanza. Meja, sasa mzee wa mkongojo, akamwomba aipokee medali ya marehemu.

Mama hakunyoosha mkono. Aliwapeleka nyuma ya nyumba, migombani, mpaka kwenye kaburi.

"Ulimvua mwenyewe," akamwambia Meja. "Mvishe."

Meja akabaki amesimama na medali mkononi.

Funzo: Usimvue mtu heshima yake kwa sababu tu amekataa kujitetea, kwani siku utakapotaka kumrudishia, kaburi halina shingo.