Bi Pimbi na Majani Yaliyogeuka Meusi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kuinjika sufuria, kilima chote cha chai kilikuwa mali ya Nyati. Alikipataje? Alisimama juu yake akasema, "Changu!" Nani angembishia mwenye pembe zile?

Chini ya kilima, katika mwanya wa mawe, aliishi Bi Pimbi na wanawe watatu. Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura, hana pembe wala mkia. Kazi yake ilikuwa kuchuma chai ya Nyati. Majani yalifikishwa kwa Nyati yakiwa mabichi, naye na rafiki yake Tembo waliyachemsha hivyo hivyo, wakanywa maji ya kijani, machungu. Wadogo hawakuruhusiwa hata kuonja. Wao walikunywa maji ya moto matupu, na baridi ya huko iling'ata mpaka mifupa.

Siku moja mvua ilimkuta Bi Pimbi njiani. Pwaaa! Akakimbilia nyumbani na kikapu chake. Watoto walikuwa wakitetemeka, wakajitumbukiza ndani ya majani wapate joto. Wakayakanyaga, wakayafikicha, wakalala humo humo. Asubuhi, lo! Majani yamejikunja, yamekuwa ya kahawia.

"Mama, tumekwisha!" wakalia.

"Yaanikeni juani, upesi!"

Wakayaanika juu ya mawe. Lakini kila yalivyokauka, ndivyo yalivyozidi kuwa meusi, meusi ti! Na harufu ikaanza kutoka, nzuri ajabu.

Bi Pimbi akatia chembe chache katika maji yaliyokuwa yakichemka. Maji yakawa mekundu. Akanywa. Joto likamshuka kifuani mpaka vidoleni. Akawanywesha wanawe, na kutetemeka kukakoma.

Alifurahi, kisha akaogopa. Nyati alikuwa anasubiri majani yake. Akionja haya, atayataka yote, na watoto watarudi kwenye maji matupu. Akafikiri sana. Kitu kimoja alikijua: Nyati alishuku kila mtu. Hata kivuli chake alikigeukia mara mbili kabla ya kulala.

Basi akajitwika kikapu, akaenda.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Jana ulikuwa wapi? Na mbona unatabasamu?"

"Nimekuletea chai mpya, bwana! Nakupikia mwenyewe."

Akaipika, akaimimina kikombeni, churururu. Nyati akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Mbona nyekundu?"

"Ndio uzuri wake, bwana. Kunywa!"

"Mbona majani yake meusi?"

"Yamekolea. Kunywa, bwana, ingali moto!"

"Mbona unanihimiza?"

"Kwa sababu nakupenda, bwana wangu."

Tembo alikohoa. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia mtu akimwambia Nyati neno hilo.

Macho ya Nyati yakawa membamba. "Kunywa wewe kwanza."

Bi Pimbi hakungoja. Akakinyanyua kikombe, akakigugumia chote, akalamba midomo.

"Umeona?" Nyati akamnong'oneza Tembo. "Amekunywa bila kusita."

"Basi si ni salama?"

"Salama! Mwenye sumu hunywa dawa nyumbani kwake ndipo aje. Hebu onja wewe."

"Mimi?" Tembo akaukunja mkonga wake. "Tumbo langu halijatulia tangu juzi."

Bi Pimbi akapiga magoti. "Nakusihi, Bwana Nyati! Funda moja tu! Usinirudishe na majani haya!"

"Ahaa! Nilijua!" Nyati akapiga kwato chini, kishindo! "Chukua uchafu wako! Kuanzia leo, jani lolote litakalogeuka jeusi lisivuke kizingiti changu. Kunyweni wenyewe!"

"Wadogo wote, bwana?"

"Wote!"

"Hata tukilia?"

"Hata mkigaragara!"

Bi Pimbi akaondoka akilia kwa sauti, uuwi! uuwi! Alipopinda nyuma ya jabali, akatua kikapu. Akakaa chini, akacheka mpaka kwikwi zikamshika.

Tangu siku hiyo wachumaji wa kilima kile wakaandamwa na mkosi wa ajabu. Digidigi, Kindi na Panya, wakishafundwa na Bi Pimbi, walileta kikapu kimoja cha majani mabichi na kingine cha meusi, wakisema, "Bwana, yamegeuka tena!" Naye Nyati akipiga kelele, "Yaondoeni! Upesi!" Wakayaondoa. Asubuhi na jioni kila nyumba ndogo ikanywa chai ya rangi.

Jioni moja Tembo aliinua mkonga. "Nyati, unasikia harufu inayotoka kwenye mawe? Nzuri mno."

"Sumu ndivyo ilivyo," akasema Nyati. "Hunukia." Akajimiminia kikombe kingine cha maji machungu ya kijani, akakunja uso, akanywa.

Na hivyo ndivyo ilivyo, wajukuu zangu: anayeshuku kila mkono hujinyima kwa mkono wake mwenyewe.